Mpira Ambao Sikuuvuta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya pwani ambayo jina lake naliacha, nilikuta wahudumu watatu wanacheka mlangoni mwa chumba cha matibabu. Ndani alilala mkulima wa kijiji cha Diaca. Mkojo wake ulikuwa umeziba, na kwa maumivu akajiingizia njiti ya ufagio kuzibua njia. Njiti ikakatikia ndani.

Mkuu wa wauguzi, mama wa makamo asiyepandisha sauti, aliwatoa wale watatu, akanipa kalamu. "Andika ni kitu gani, kina urefu gani, kimeingia lini. Kwa nini, atakwambia mwenyewe akitaka. Ukimcheka leo, mwenzake atakuja amekwisha oza."

Kwake nilijifunza kwamba kitu kilichokwama kwenye njia ya mkojo hakichokonolewi kwa kubahatisha. Kwanza unajua kiko wapi, kwa picha ya raio X, yaani eksirei, kama mashine ipo, ndipo unaamua kama kitatoka kwa njia ya chini au kwa kisu. Nilihudumu chini ya wakurugenzi wanne, na wote nilifanya nao kazi hivyo.

Kisha vita vikatutoa mji wetu wa Mocímboa. Nikapangiwa kituo kidogo huko kaskazini, chini ya mkuu wa kituo aliyekuwa na umri wa mwanangu.

Hapo ndipo alipokuja Saidi, seremala, aliyekuwa amepewa hifadhi na shemeji yake katika kijiji cha Quitunda. Alisubiri wagonjwa wote waishe. "Mama infirmera," akasema, kama tuitwavyo wauguzi huku, "nataka nikwambie wewe tu." Akafungua kikoi. Kabla ya kukimbia alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, akaambiwa arudi baada ya wiki chache ubadilishwe. Hospitali ya kurudia ikawa haipo tena. Mwaka na zaidi alitembea nao porini na kambini, ncha yake ameifunga kwa uzi, akiufungua kukojoa. Shemeji hakujua. Sasa alikuwa na homa na mkojo wa damu.

Mpira huo hushikiliwa ndani ya kibofu na puto dogo la maji. Ili kuutoa, unanyonya maji kwa sindano, puto linanywea. Nilinyonya, halikutoka hata tone. Nilipougusa, Saidi aliuma kitambaa. Nikajua chumvi za mkojo zimeganda juu ya puto, zimekuwa jiwe.

Mkuu wa kituo alikuja akatazama. "Kata mpira, vuta."

"Nikiukata, unaweza kuingia wote ndani tukose pa kuushika. Nikivuta, jiwe litamchana njia yote. Huyu ni wa kupasuliwa Pemba mjini, hospitali ya mkoa."

"Gari la Pemba halipatikani kwa mpira wa mkojo. Nani mkuu hapa?"

"Ni wewe. Lakini mkono utakaovuta si wangu."

Alisubiri niombe radhi. Sikuomba, na yeye hakuthubutu kuvuta. Nikaandika barua ya rufaa kwa jina langu, nikamwanzishia Saidi dawa, nikakaa naye siku mbili mpaka msafara wa magari yenye ulinzi ulipopita. Nilipanda naye bila ruhusa.

Pemba walimpasua kibofu. Jiwe lilikuwa kubwa kama ndimu, na puto limo katikati. Kidonda kilichelewa kufunga, akateseka miezi, lakini alipona. Leo anatengeneza milango.

Mimi nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa kupima watoto uzito mpaka nilipostaafu. Karatasi ya kukiri kosa waliniletea mara tatu. Mara tatu niliirudisha bila sahihi.

Nyinyi mnaoanza kazi mtaambiwa heshima ni kufanya unaloamriwa. Mimi nasema mgonjwa akikufungulia nguo yake, amekupa amana, na amana hiyo haipiti kwanza mezani kwa mkuu. Wakikuhamisha, hama. Huko nako kuna watu.

Siku ya kuniaga walisoma hotuba nzuri. Walisema nilikuwa mpole, msafi, mtiifu. Nikasimama, nikaomba kalamu ya msomaji. "Mpole na msafi, nashukuru," nikasema. Nikalikata lile neno la tatu, nikamrudishia karatasi yake aendelee.