Kadi ya Mjane

Mimi ndiye niliyelihamisha daftari la jumbe, mkuu wetu wa zamani, kwenye kadi za kijiji cha ujamaa, na sitamsingizia mtu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani na shuleni pia: daftari lilikuwa la herufi za Kiarabu, kadi za herufi za Kizungu. Nikajiona mtu kweli.

Taabu haikuwa herufi. Jumbe alikuwa ameandika watu kama tunavyohesabiana sisi wa bara ya Lindi: kila ukurasa mjomba mmoja, chini yake dada zake na watoto wao. Kadi ilitaka mkuu wa kaya, mke, watoto. Mjomba hakuwa na mstari. Katibu wa kijiji, mgeni aliyekuwa na haraka zake, akasema wake niwapeleke kwa waume zao, watoto niwaache kwa wajomba kama daftari lilivyosema. Nilijua ni upuuzi. Nikaandika.

Akina baba walipoona kadi zao hazina watoto walikuja kufoka, nikasahihisha. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, hakuwa na mume wa kuja kufoka, na kaka yake alikuwa ameshahamia Kitomanga. Kadi zikaenda wilayani, zikarudi zimepigwa mihuri. Kila mtu akapangiwa kijiji kwa kadi yake, watoto wale wakapangiwa Kitomanga.

Nilikwenda kwa katibu mara mbili. Mara ya pili hakuinua hata uso. Alisema muhuri ukishapigwa umepigwa, na tena mjomba mwenyewe hana neno. Kweli hakuwa nalo. Alikuja na lori kuwachukua, kwa mila watoto wake, kwa kadi watoto wake. Nilimchukia, halafu nikaona sina haki hata ya kumchukia.

Watoto walikuwa wameshapandishwa lori mama yao aliponifuata. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanipa kadi yake.

"Nisomee, mwanangu. Mimi umeniandika nani?"

Nikatamani kudanganya, maana hakujua kusoma. Nikashindwa hata hilo.

"Mjane," nikasoma. "Watoto, hakuna."

Akaitazama kadi mkononi mwangu.

"Haya," akasema, "panda lorini ukawasomee na wao."