Barua Arobaini Dhidi ya Sheria ya Rehani

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimebeba magunia bandarini bila viatu, nimefungua duka la chumvi na vitambaa kwa mikono hii miwili, nimeona bendera zikipandishwa na kushushwa mpaka nikaacha kuuliza ni ya nani. Shule nilikaa miaka miwili. Waliokaa kumi na miwili walikuja kwangu kukopa sukari. Basi uhuru ulipofika, na badala ya chumvi kushuka bei tukatangaziwa sheria ya rehani, nilikaa tu kwenye kiti changu nikapumua.

Sisi wafanyabiashara wadogo wa Kisangani hatukuwa na benki, tulikuwa na nyumba. Ukitaka bidhaa kwa Mugiriki muuzaji wa jumla, ulimpelekea karatasi ya kiwanja chako kama rehani, akaifungia katika sanduku lake la chuma, nawe ukapakia ukashika njia ya Bengamisa. Ukirudi umeuza, unamlipa, anakupa karatasi yako. Sasa ofisi ya jimbo ilitaka nyumba isiyo ya matofali ya kuchoma isiwekwe rehani kabisa. Nani kati yetu alikuwa na matofali ya kuchoma? Mimi, ndiyo, upande wa mbele. Wengine wote udongo. Sheria ile ikipita, chama chetu kizima kingelala njaa.

Nilikuwa prezida wa chama. Nikawaambia, barua moja ni mbwa mmoja anabweka. Mkubwa anageuka upande wa pili analala. Tuandike arobaini, kila mtu na yake. Karani mmoja aliyekaa mbele ya posta na mashine yake alizipiga kwa siku tisa. Mimi nilisimama nyuma yake nikimwambia la kusema, ingawa alilopiga sikuweza kulisoma.

Kisha nikatoa akili yangu kubwa. Tangu wakati wa Wabelgiji tulijua kwamba karatasi isiyo na karatasi nyuma yake haisomwi. Ukiomba ruhusa ya kwenda Yahuma, onyesha ya kodi. Ukienda kulipa kodi, onyesha kitambulisho. Nikaamuru kila mtu abane nyuma ya barua yake karatasi ya kiwanja, ile yenyewe yenye muhuri, ili wakubwa wajue wanaoandika ni wenye nyumba, si wazururaji. Hakuna aliyeona ubaya. Nakala ya mkono haina muhuri, na kisicho na muhuri ni cha kufungia samaki.

Mmoja tu alikataa, mama muuza samaki wa kukauka, mjane, mutu wa mtoni kutoka Yanonge.

“Papa prezida, nyumba yangu haijatembea hata siku moja. Sasa unataka iende ofisini peke yake?”

“Itarudi, mama. Miye niko nasema.”

“Weye uko nasema! Tangu lini kinywa chako kiko na muhuri?”

Watu wakacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma. “Bon, isiporudi, nitakutafutia ingine.”

“Mumesikia wote?” akawauliza. Wakasema wamesikia. Akaitoa ndani ya kitenge chake.

Yangu haikwenda. Ilikuwa kwa Mugiriki, rehani ya mabando ya kitambaa. Nilisema hivyo mbele ya wote.

Kila Jumatatu nilikwenda kukaa kwenye benchi ya ofisi. Mkubwa iko mkutanoni. Mkubwa iko safari. Barua zinasomwa, papa, rudi Jumatatu. Miezi ikaenda. Asubuhi moja askari wa serikali, wale wa Kapalata, hawakuonekana tena, na waasi wakaingia mjini. Yaliyofuata kila mtu wa hapa anayajua, na mimi nimechoka kuyasimulia. Sheria ya rehani haikusikika tena, maana waliotaka kuitoa walikimbia. Nikisema tulishinda, nani atanibishia? Lakini ofisi ile ilivunjwa madirisha, na makaratasi yake yakamwagika barabarani.

Mji ulipotulia, yule mama aliingia dukani kwangu, akaweka karanga mezani, zimefungwa katika karatasi.

“Kula, prezida.”

Nikala mbili.

“Sasa fungua karatasi.”

Ilikuwa barua yetu moja, na alama ya dole gumba la mwenzetu chini yake. Nyuma yake hakuna kitu, matundu mawili tu ya pini.

“Mashemeji zangu wamefika kutoka Isangi,” akasema. “Wanasema nyumba ni ya kaka yao, nionyeshe karatasi. Nimewaambia karatasi iko kwa prezida.”

Wale wengine thelathini na nane walinitukana tu, wakasema nilificha yangu kwa ujanja, wakarudi kulala katika nyumba ambazo hakuna aliyezidai. Yeye alikuwa na mashemeji. Walikaa kwake wakila samaki wake, wakipima vyumba kwa hatua.

Nilianza upya na benchi ya ofisi. Kitabu cha viwanja nacho kilikuwa kimepotea, kwa hiyo walitaka mpimaji, na mashahidi watatu waliomwona mama huyu akikinunua kiwanja kwa fedha yake. Mmoja nilimfuata Bengamisa kwa baiskeli, miguu yangu ikikumbuka umri wake. Mwingine alikuwa amesahau, akakumbuka kwa bia ya nne.

Siku karatasi ilipotoka, mama aliigeuza huku na huku, akanipa.

“Inasema nini?”

Tukaitazama pamoja. Nikamwonyesha muhuri.

“Iko sawa?”

“Iko sawa, mama.”

Akaitia katika kitenge, akaenda kuwafukuza mashemeji. Asante hakusema. Mimi nilibaki kwenye ngazi ya ofisi, magoti yakiuma, nikajumlisha nilichotoa mfukoni kwa mpimaji, stempu, mashahidi na bia yao, mkubwa na mkubwa wa mkubwa: faranga elfu thelathini na moja, mia sita na arobaini.