Kipimo cha Kioo na Lubisi ya Baba Mkubwa

Naikumbuka asubuhi moja pale Maruku, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kilichojaa majivuno. Zilikuwa siku za Mwingereza. Nilifanya kazi ya kuosha vyombo vya kioo kwenye shamba la utafiti, na bwana mmoja wa kilimo alipokuwa akirudi kwao alinipa kipimo cha uchachu. Kwao walikuwa wamekwisha kukiacha, wamepata vingine. Kilikuwa kijibomba cha kioo, chini kizito, shingo yake nyembamba ina mistari. Ukikitumbukiza kwenye pombe changa kinaelea juu, maana sukari bado ni nyingi. Pombe ikiiva, kinazama. Alinionyesha mara moja tu, nami nikajiona nimehitimu.

Wakati huo nilikuwa namposa Koku, binti wa Ta Ishengoma, mzee wa heshima wa Muleba. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupeleka ukweni aliitengeneza baba mkubwa, Ta Rweyongeza, ndugu wa baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na kijiji kizima kilijua hakuna aliyemshinda kwa lubisi. Alikanyaga ndizi mwenyewe kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba.

Asubuhi ile, siku moja kabla ya safari, alifunua majani mbele ya wazee wenzake, akainama, akatega sikio kusikiliza povu. Akaonja kidogo.

"Imeiva," akasema. "Leteni vibuyu."

Nikatoa kioo changu mfukoni, nikakitumbukiza. Kikaelea juu kabisa.

"Bado, baba mkubwa. Iache mpaka kesho."

"Hicho kioo chako kimeonja?" akauliza, na wazee wenzake wakacheka.

Kicheko kile kiliniuma. Nikasema, mbele yao wote, "Ninyi mnabahatisha tu. Hiki hakibahatishi."

Baba mkubwa akarudisha majani taratibu. "Posa ni yako," akasema, akaenda zake shambani.

Kesho yake tulipofunua, harufu ilitupiga usoni. Lubisi ilikuwa imechacha. Lori lilikuwa linasubiri barabarani, wakwe wanatungoja, na kwenda mikono mitupu haikuwezekana. Baba mkubwa akajaza vibuyu. Njia nzima hadi Muleba sikuweza kumtazama.

Ta Ishengoma alipiga funda moja, akaweka kibuyu chini. Kabla sijafikiri, baba mkubwa akasimama, akavua kofia.

"Wakwe zangu, mnisamehe. Lubisi nimeiharibu mimi. Masikio yangu yamezeeka."

Mwanangu, yule mzee hakuwa na mali ya kujivunia. Alichokuwa nacho ni sifa ya mikono yake, na alikuwa akiitupa mbele ya wageni ili mimi nisiaibike. Machozi yalinijia. Nikapiga magoti pale pale.

"Si yeye," nikasema. "Alisema imeiva, nikambishia, nikamtukana mbele ya wenzake. Kosa ni langu."

Ta Ishengoma akakisukuma kibuyu kando, nami nikaona nimeshampoteza Koku. Hatimaye akasema, "Ndizi zipo nyuma ya nyumba. Utazikanyaga mwenyewe, hapa hapa, na mzee wako atakuelekeza. Ikiiva tutazungumza."

Tulikaa Muleba siku tatu. Nilikanyaga mpaka miguu ikawaka moto, Koku na dada zake wakichungulia na kunicheka. Lubisi ilipokuwa tayari, baba mkubwa akanyoosha mkono. "Haya, lete kile kioo chako." Akakitumbukiza, akakitazama kikielea juu kama mara ya kwanza, akakiinua, akapangusa shingo yake kwa kidole. Machicha ya mtama yalikuwa yamekigandia kama nguo, yakikizuia kisizame. Akachuja lubisi kwenye kikombe, akakiosha kioo, akakitumbukiza tena. Kikazama.

"Kumbe kinasema kweli," akasema huku akicheka kama mtoto. "Ni wewe tu hukujua kukiuliza. Nieleze hii mistari."

Tukainama pale wawili, nami nikamfundisha kusoma kioo, naye akanifundisha kusikiliza povu. Jioni ile Ta Ishengoma alimaliza kibuyu chake, nami nikapewa Koku.

Basi, mwanangu, nenda ukasome. Leta nyumbani kila kitu kipya utakachojifunza, usikionee haya. Lakini usikitumie kumpiga nacho aliyekulea. Muulize yeye anajuaje, umwambie na wewe unajuaje, maana huenda nyote wawili mna la kweli. Na ukikosea mbele za watu, ukiri mbele za watu hao hao, wala usimwache mtu anayekupenda akubebee aibu yako. Mungu akupe akili nyepesi na moyo mpole, na nyumba yako isikose kamwe mtu wa kukuambia kwa upendo kwamba umekosea.