Shati la Gidioni

Kwa masikitiko makubwa, Ndugu Kornel, mchoraji wa Njoro, Moshi, anawatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, kuanzia Mkuu Rombo mpaka Marangu, kifo cha Rangi, kilichotokea mwezi Juni mwaka 2002 baada ya kuugua kompyuta kwa muda mfupi. Marehemu ameacha mgane mmoja, ambaye ni Kornel mwenyewe, na boksi la chaki.

Tangazo hilo halikufika redioni. Kornel alilitoa kibandani kwa mama wa supu, kila asubuhi, na wanywaji wakaitikia "Bwana alitoa, Bwana ametwaa" bila kuweka mfupa chini. Aliyeleta msiba alikuwa ng'ambo ya barabara: Elinipendo, binti wa miaka ishirini na sita, aliyerudi kutoka Dar na kompyuta, skana na printa, akapanga chumba kinachotazamana na cha Kornel, na mlangoni akabandika karatasi: PICHA ZA FAMILIA.

Kornel alichora kwa chaki za rangi, zile laini ambazo wenyewe huziita pasteli, zinazoacha unga vidoleni. Boksi la kwanza aliachiwa na sista mmoja Mjerumani, na kwa kuwa lilijaa pinki, nusu ya wazee wa Marangu walitoka mikononi mwa Kornel na mashavu ya Kijerumani. Hakuna aliyelalamika. Walijiona wameshiba.

Enzi yake kuu ilikuwa sebule ya Mzee Ebenezeri na Bibi Yuditha, kule Marangu. Picha kumi na moja ukutani, zote zake. Na katikati, juu ya kochi, kwenye msumari mkuu, alining'inia Mzee mwenyewe, shavu pinki, tangu mwaka tisini na moja. Ule msumari haukuwa mchezo. Watoto wa mlimani wakirudi Krismasi kutoka Dar, Nairobi na huko Texas, walipitia sebule ile kusalimia, na picha waliyoikuta katikati ndiyo iliyowaambia mchoraji wa kweli ni nani.

Desemba hiyo wazee walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto wao wakataka picha moja ya ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Kornel akanoa chaki. Stella, mmoja wa watoto hao, akapita mlangoni kwake, akampungia mkono vizuri tu, akavuka barabara.

Siku ya tatu Kornel naye akavuka, eti anataka picha ya pasipoti.

"Shikamoo, mzee Kornel."

"Marahaba. Mzee ni nani hapa?"

"Basi, kaka mkubwa. Unasafiri kwenda wapi?"

"Popote. Wewe endelea na kazi yako."

Akaendelea, naye Kornel akapata homa. Binti alikuwa amekata watu kutoka picha za miaka hamsini na kuwapanga pamoja kwenye kioo cha kompyuta, kila mtu na rangi ya zamani zake. Babu kabaki wa hudhurungi kama chai ya rangi. Shangazi wa miaka ya sabini kawaka machungwa. Kijana wa Texas kabaki na ubuluu wa kamera za kwao. Kisha alikuwa ameichapa picha yote kwenye karatasi nene yenye kukwaruza, na juu yake anapitisha chaki moja ya kahawia, rangi ya udongo wa kihamba, lile shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, akiisugua kwa kidole gumba kutoka mguu wa huyu hadi mkono wa yule, mpaka watu ambao hawakuwahi kuonana duniani wakasimama mgombani pamoja, kwenye jua moja.

Kornel alitafuta kosa kama mtu anayetafuta funza kidoleni. Akalikosa.

"Mbona hujawasawazisha? Kompyuta si ndiyo kazi yake?"

"Nikiwasawazisha watafanana na maiti wote. Kila mtu abaki na mwanga wake, chaki itawapatanisha."

"Na chaki umejifunzia wapi?"

"Kwa kukuchungulia dirishani kwako."

Kornel akajisikia kama mtu aliyeibiwa kuku, kisha akakaribishwa supu yake.

Binti akamwonyesha picha ndogo, nyeusi na nyeupe: kijana ameegemea baiskeli. Alikuwa Gidioni, mzaliwa wa kwanza wa wale wazee, aliyefariki na miaka kumi na tisa.

"Bibi Yuditha anasema mlisoma darasa moja. Nguo zake zilikuwa rangi gani?"

Hapo shetani akavuta kiti, akaketi kati yao.

"Suruali kaki," alisema Kornel. "Shati la kijani. Kola ya njano."

Elinipendo akaitazama picha, akamtazama na yeye. "Asante."

Sasa ujue kwamba Mzee Ebenezeri alikuwa mtu wa mageuzi mpaka kwenye mifupa. Tangu uchaguzi wa tisini na tano alikataza kijani na njano kukaa pamoja nyumbani kwake, maana ndizo rangi za chama tawala. Kanga ya kampeni aliyogawiwa mkewe iliishia kufuta ndoo za maziwa. Hata mkungu wa ndizi ukianza kuiva, alipita pembeni yake bila salamu. Kornel akalala usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule.

Siku ya jubilei, mchungaji aliomba kwa kirefu, mtori wa ndizi ukapoa, pazia likavutwa. Kornel alikuwa amekaa mbele, karibu na mlipuko.

Mzee akavaa miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Nani kaweka rangi hizi kwa Gidioni?"

Kornel akameza tabasamu.

"Huyu anatoka shambani," alisema Mzee, sauti ikimkatika. "Mbuni wa kahawa ulionyeshewa na mvua, huu hapa. Na ndizi mbivu, hii hapa."

Kornel akanyanyuka kuangalia. Kati ya kijani na njano yule binti alikuwa amepitisha udongo wake wa kahawia, na chama kikavunjika palepale, kikabaki kihamba.

"Godlove," Mzee akamwita kitindamimba wake, "nishushe mimi pale katikati. Iwekwe hii."

Mashavu ya pinki yakaanza kuteremka ukutani, na wivu ukamfungua Kornel mdomo.

"Kijani hicho ni changu! Mimi ndiye niliyemwambia! Bila mimi asingekijua!"

Bibi Yuditha akageuka taratibu.

"Wewe Kornel. Shati lile lilikuwa jeupe. Nililishona mimi. Na siku ile ya kupigwa picha ulisimama pembeni umeshika pampu ya baiskeli. Kijani umekitoa wapi?"

Kornel akatazama mtori. Mchungaji akatazama dari. Ukoo mzima, wa hudhurungi na wa buluu, ukamgeukia Elinipendo, wengine wakiwa wameshatoa leso, wasikie ni maono gani yaliyomwongoza.

"Nilijua ni jeupe, linaonekana pichani," alisema. "Ila chaki nyeupe ilikuwa imeniishia."