Mtungi wa Jenerali Leoncio

Mimi ni mwongo, na mji wetu wote wa San Barnabe unalijua hilo. Niliwahi kusema marehemu mume wangu alivua kambale mzee mpaka ana mvi, na kambale akaomba tumbaku kabla ya kuingia chunguni. Watu walicheka, wakaniongezea pombe ya miwa, yakaisha. Uongo wangu haujapata kujengewa sanamu. Wa wenye vyeo ndio hujengewa, tena juu ya farasi. Kwa hiyo habari za Manang Sidra nitazieleza bila chumvi. Au nitatia ya kuonja tu. Mkiikuta ulimini mtaijua.

Manang ni dada mkubwa, na Sidra Galinato amenizidi miaka mitatu. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila kinachotutenga ni ua wa mianzi tu. Ana miaka sabini na miwili na kazi yake ni kutengeneza siki ya miwa. Ni mfupi, jamani. Akisimama katikati ya mitungi yake hujui yupi mtu na upi mtungi mpaka mmoja ateme mate. Sigara yake ya majani huivuta kichwa cha moto kikiwa ndani ya mdomo, kama mabibi wote wa kwetu, na anaweza kukutukana hivyo hivyo asiungue.

Hakuolewa. Mchumba wa kwanza aliisifu siki yake ilhali haijaiva, akafukuzwa kwa kusema uongo. Wa pili na wa tatu walisikia ya wa kwanza wakaishia njiani.

Kila afunguapo mtungi, kata ya kwanza haionjwi na mtu wala haiuzwi. Huimwaga chini na kusema, "Kaka Florencio, yako hiyo." Kwetu ndivyo. Karamu iwe kubwa iwe ndogo, sahani ya kwanza ni ya wafu: wali wa kunata, yai, kipande cha nyama, kikombe cha pombe. Unamwita marehemu kwa jina lake, anakula, ndipo na wewe ule. Ukiwaruka watakugusa. Tumbo litakukata, au mdomo utakwenda upande, na daktari akikupima haoni kitu.

Huyo Florencio ndiye kaka yake. Mwaka wa mwisho wa vita, Wajapani walikuwa wanarudi nyuma kuelekea milimani, na kila walikopita waliacha majivu. Kati yao na sisi palikuwa na mto na daraja la mianzi. Florencio alikuwa na miaka kumi na saba. Alipakia mitungi minne ya pombe ya baba yake kwenye mkokoteni wa nyati, akawapelekea walinzi wa Kijapani wa daraja mchana kweupe, huku anacheka kama zuzu. Wakanywa, wakalala. Akalimwagia daraja mafuta ya taa, akalitia kiberiti. Kumbe mlinzi mmoja hakuwa amelewa vizuri. Risasi ilimkuta Florencio katikati ya daraja, mto ukamchukua, hatukumpata tena. Sisi tulijificha kwenye miwa, na kwa kuwa daraja halikuwepo, tukapona.

Siku hiyo Don Leoncio Buenafe, tajiri wa mji, alikuwa ndani ya mtungi. Mtungi mkubwa wa siki, uani kwake, na kifuniko juu. Nilikuwa na miaka saba, nikamwona kwa macho yangu akitolewa jioni, magoti yamekwama masikioni. Nimelisema hilo miaka sitini, na kila nikilisema watu hunijibu, "Haya Turing, na kambale hajambo?" Hiyo ndiyo hasara ya kusema uongo mtamu. Siku ukileta ukweli, nao unachekwa.

Vita vilipokwisha, watu waliopona walibiringisha jiwe kutoka mtoni, wakaliweka mwanzo wa daraja jipya, wakachonga jina moja tu. Sidra hajui kusoma, lakini jina lile alilijua kwa kidole. Herufi kumi na saba, sawasawa na miaka ya kaka yake. Kaburi hana. Jiwe ndilo kaburi.

Kisha tukaletewa uchaguzi. Meya wa kwanza alikuwa mtoto wa Don Leoncio. Akaongeza jina la baba yake juu ya lile la kwanza, na mbele yake akaandika Luteni. Uchaguzi uliofuata akashinda mpinzani wake, Daludado. Akamfuta Luteni, akaandika kwamba daraja lilichomwa na chama chake, ingawa chama chenyewe kilizaliwa miaka kumi baada ya moto. Kina Buenafe wakarudi, na Don Leoncio naye akarudi, safari hii Kapteni. Alipokufa, kwa kusakamwa na mfupa wa kuku, wakampa Ukanali. Nimeona watu wakipanda cheo kwa kupigana na wengine kwa kuhonga, lakini huyu alipanda kwa kulala kaburini. Na kila jiwe lilipochongwa upya, jina la Florencio lilisogezwa chini, mwisho likaishia mgongoni mwa jiwe, upande wa majani. Sidra akasogea nalo. Alipiga magoti majanini, akahesabu kwa kidole mpaka kumi na saba, akaweka sahani yake, akarudi kwenye siki.

Basi mwaka wa uchaguzi wa juzi, Meya Crisanto, mjukuu wa Don Leoncio, aliamua babu anatosha kuwa Jenerali. Sanamu ya saruji iliyopakwa dhahabu, amepanda farasi, upanga juu. Don Leoncio alikuwa anaogopa farasi hata wa kalenda! Jiwe likang'olewa ili kwato zipate pa kukanyaga. Sidra aliposikia, alivaa sketi yake ya misa, akanishika mkono kunipeleka ofisini kwa Meya.

"Nana Sidra! Nana Turing!" Meya akainuka akituita mama kwa lugha ya kwetu, akachukua mkono wa Sidra, akaugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima. "Wazee wangu mmekuja kunibariki?"

"Nimekuja kuuliza jiwe langu liko wapi."

"Liko salama, Nana. Liko karakana."

"Karakana? Kwani limepata pancha?"

"Tunaweka kibao kipya, Nana. Cha shaba, kizuri. Jenerali Leoncio Buenafe, aliyechoma daraja, yeye na wengineo."

"Wengineo ndio nani?"

"Si ndio hao kina marehemu Florencio."

"Mama yangu hakubatiza mtoto anayeitwa Wengineo."

Meya akacheka kwa adabu. "Nana, vita vilikuwa vyetu sote. Tukianza kuhesabu majina hatutamaliza."

"Babu yako alikuwa mtungini," nikasema.

"Nana Turing, na kambale hajambo?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, hadi mfagiaji.

Tulipotoka nje, Sidra alitembea mpaka kwenye duka la mkate. Hapo akasimama. "Mimi sitaki babu yake ashushwe, Turing. Na apande, awe hata Papa. Nataka kaka yangu aitwe jina lake pale alipoanguka. Asipoitwa, atajuaje sahani ni yake?"

Siku ya kufunua sanamu ilifika. Meya alikuwa amewapa shughuli wataalamu wa sherehe kutoka Manila, watu waliopanga kila kitu kwa dakika: dakika tano wimbo, dakika mbili maua, dakika kumi picha. Dakika ya wafu haikuwepo. Wale hawakujua, na wetu waliojua walikuwa wanatazama farasi. Chakula kikaanza saa moja asubuhi. Meya mwenyewe alikunywa supu ya mbuzi, ile ya nyongo, bakuli tatu, na jua lilikuwa la kukaanga yai.

Sidra alikuja na sahani yake imefunikwa kwa jani la mgomba. Mlinzi akamzuia.

"Bibi, chakula cha wageni kiko kule."

"Hiki si cha wageni. Ni cha mwenyeji."

"Mwenyeji ni mheshimiwa, Apo Meya."

"Mwenyeji yuko mtoni, mwanangu. Nipishe."

Hakupishwa. Akakaa kando ya barabara, sahani mapajani, sigara mdomoni, na mimi ubavuni pake.

Meya akapanda jukwaani. "Ndugu zangu, siku ile babu yangu, peke yake..." Akanyamaza. Akashika tumbo. "Peke yake..." Mdomo ukaenda upande. Mimi nasema ulifika sikioni, Sidra anasema uliishia shavuni, chagueni wenyewe. Alishuka jukwaani kinyumenyume, mkono mmoja tumboni na mwingine kwenye mkanda wa suruali, kisha akatoka mbio. Wapiga tarumbeta walidhani ni ishara yao, wakampigia wimbo wa ushindi hadi mlangoni mwa choo.

Siku tatu hakutoka nyumbani. Daktari alimpima juu hadi chini, akakuta upepo tu. Watu wa Daludado wakasema ni supu. Mimi sisemi. Lakini mama yake, Nana Pacita, mwenye miaka themanini, aliuliza swali moja tu, "Sahani ya wafu aliiweka nani?"

Kila mmoja akamwonyeshea mwenzake kidole.

"Mlikula kabla ya wafu? Kwenye shughuli ya wafu wenyewe?"

Akaitwa mganga, Baket Ugay. Akamwaga mchele kwenye bakuli la maji, akautazama sana. "Naona kijana darajani," akasema. "Ana njaa. Anasema mwanao kaita jina moja tu, na mwenye jina hilo hakuwepo pale." Ugay ni binamu yangu. Sikumwambia neno! Nilimpelekea samaki tu asubuhi ile, na samaki hawasemi, isipokuwa yule kambale.

Dawa inajulikana: mkosaji aweke sahani kwa mkono wake, amwite marehemu jina zima, amwombe radhi ndugu wa marehemu. Meya alitaka afanye nyumbani, mlango umefungwa.

"Florencio hayuko chumbani kwako," mama yake akamwambia. "Vaa kandambili twende."

Na ilikuwa siku ya gulio. Daraja limejaa watu, mboga, kuku wamefungwa miguu. Meya alikuja na fulana ya kulalia, sahani mkononi. Sidra alikuwa ameshafika.

"Florencio," Meya akanong'ona.

"Jina zima," akasema mama yake.

"Florencio Galinato. Karibu."

"Mto una kelele. Paza sauti."

"FLORENCIO GALINATO! NJOO ULE!"

Wauza kuku wakageuka. Kuku nao wakageuka.

"Nisamehe, Nana Sidra."

"Kwa lipi?"

"Kwa kumruka kaka yako."

"Kwani kaka yangu alifanya nini hapa?"

Meya akamtazama mama yake. Mama yake akalitazama tumbo la mwanawe. "Sema, linakusikiliza."

"Alichoma daraja."

"Na babu yako alikuwa wapi?" Hilo niliuliza mimi, wala sikutumwa.

"Nana Turing, tafadhali, mbele za watu..."

"Alikuwa mtungini," akasema Nana Pacita. "Nilikuwa mkamwana wa miezi miwili katika nyumba ile. Kifuniko nilikiweka mimi. Akaniambia, 'Pacita, bonyeza, mwanga unaingia.'"

Miaka sitini! Nilikaa chini palepale juu ya kikapu cha biringanya za mtu. Nikawageukia wauza samaki, "Mmesikia? Basi na kambale ni kweli!"

Daraja lilitikisika kwa kicheko. Sidra hakucheka. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza polepole, na nikajua anahesabu. Alipofika kumi na saba akafumbua, akaiweka sahani yake kando ya ile ya Meya.

Tumbo lilitulia kabla ya saa sita. Jiwe lilitolewa karakana siku ya pili, likawekwa mbele ya kwato za farasi, jina likitazama barabara.

Msidhani Meya alikoma. Mwaka uliofuata alisimama palepale, sahani ya wafu imewekwa kwanza, sauti imejaa. "Florencio Galinato, swahiba wa babu yangu! Waliapa pamoja! Walipanga pamoja!" Alipofika mwisho wa hotuba, walikuwa karibu kunyonya titi moja.

Nikamfinya Sidra. "Unasikia? Sasa ni mtu wa kina Buenafe. Mwakani watakudai mwende kanisani pamoja."

"Jina kalitamka sawa?"

"Sawa."

"Lote?"

"Lote, Manang."

"Basi mwache atoe povu. Hata siki hutoa."

Watu walipotawanyika kwenda kula, Sidra akafungua kikapu chake. Humo mlikuwa na kimtungi kimoja, kikavu, kina kifuniko chake. Akainama, akakisukuma chini ya tumbo la farasi wa dhahabu.

"Hicho cha nani tena?"

"Cha Don Leoncio, masikini," akasema, sigara imo mdomoni. "Wamempandisha huko juu, kila mtu anamwona. Akisikia mlio wa risasi, ajue pa kuingia."