Nilimnyoosha Mama wa Sisimizi

Siku picha yake ilipotangazwa namba moja, mtoto wa miaka saba alipanda kwenye kiti mbele ya wageni, akaanza kuikwangua kwa kucha mpaka karatasi ikatoboka.

Wageni wakaguna. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Ngoja niwaambie nilichofanya.

Mimi ni mchora mabango. Zile sura za wanawake kwenye kuta za saluni, macho sawasawa, midomo sawasawa, ndizo zinazonilisha. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mkono wangu umenyooka kama rula.

Kila Jumamosi nilikuwa nafundisha kuchora kwenye kituo cha watoto yatima. Bure, kwa roho safi kabisa.

Huko ndiko nilikomkuta Sisimizi. Wenzake walimwita hivyo kwa udogo wake na kwa kutotulia. Ila ukimpa chaki, kimya.

Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo tulichora kwenye vibao na kufuta jioni. Sisimizi alichora mtu mmoja tu, wiki nenda wiki rudi: mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia.

Na kila mara alikosea palepale. Mdomo umepinda kushoto, jicho la upande huo limeshuka, limefumba nusu.

"Sisimizi, macho yanakaa usawa mmoja."

"Sawa, mwalimu."

Halafu anapinda tena. Kichwa ngumu huyo!

Yakaja maonyesho ya kushindanisha picha za watoto. Kila mtoto akapewa karatasi moja na rangi. Sisimizi akamchora mama, na makosa yake yote.

Watoto walipokwenda kula, nikachukua brashi nimsaidie kidogo tu. Nikanyoosha mdomo. Nikapandisha jicho. Dakika kumi, mama akatoka mrembo wa kukaa saluni.

Picha ikatundikwa ukutani wiki mbili, njiani kuelekea chumba cha kulia. Walezi wa kituo waliniambia Sisimizi anasimama mbele yake kila siku, haongei. Nikajua anafurahi. Mjinga mimi!

Basi siku hiyo ya wageni, aliyemshusha kwenye kiti ni mama yake mdogo, aliyekuja kumtembelea. Akaitazama ile picha iliyotoboka.

"Huyu ni nani?"

"Dada yako," nikasema.

"Dada yangu?" Akatikisa kichwa. "Dada alipooza upande wa uso akiwa na mimba ya huyu. Mdomo ulipinda, jicho likalala. Hakukubali kupigwa picha tena mpaka tunamzika."

Nikageuka kumtazama Sisimizi.

Mtoto hakuwa anaharibu picha. Alikuwa anamtafuta mama yake chini ya rangi yangu.

Mama mdogo akapekua mkoba, akatoa picha ya zamani, ya kabla ya ugonjwa. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, afadhali, nimeokoka.

Sisimizi akaishika kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, huyu ni nani?"

Hakuwahi kuuona uso ule. Alipozaliwa, ulikuwa umeshapinda.

Nikapiga magoti, nikamwekea karatasi mpya na penseli.

"Mchore tena, mwanangu. Safari hii sigusi."

Akafumba macho kidogo, akafumbua. Akachora jicho, limenyooka. Akafuta. Akachora tena, limenyooka vilevile. Mara ya tatu akaweka penseli chini, taratibu, akanitazama bila hasira yoyote.

"Mwalimu, nikifumba macho anakuja wa kwako."

Nililia mbele za watu, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Wewe unayefundisha watoto, kabla hujasahihisha, muulize mtoto amechora nini, kisha umsikilize. Mimi sikuuliza. Yule mtoto alikuwa amebaki na kitu kimoja tu cha mama yake, nami nikakipaka rangi.