Mugure wa Mursik Hataki Mkalimani

Jua halijapanda vizuri Rhonda, Nakuru, na Mugure Muiruri ameshapakata kibuyu, anakisugua kwa mkaa ndani akitumia ufito mrefu. Mteja wa kwanza anamtazama, anacheka.

"Mathe, si wewe ni Mkikuyu? Mursik umejulia wapi?"

Mugure anamjibu kwa Kikalenjin, harakaharaka, mpaka kijana anavua kofia. Anaondoka na chupa mbili za maziwa hayo ya kugandishwa ya Wakalenjin.

Si wote wanaofurahia. Kakake, Maina, hajakanyaga kwake tangu asikie mama huyu wa miaka sitini na moja anajifunza "lugha ya waliotufukuza". Mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yao karibu na Molo ilichomwa, wakakimbia. Kaburi la mumewe, Hiram, likabaki huko.

"Lugha haikubeba kiberiti!" Mugure anafoka. "Waliochoma ni watu. Maneno yamenikosea nini?"

Alirudi huko mara moja tu, na mkalimani, kuomba alifikie kaburi. Bibi mzee anayelima shamba hilo sasa hajui Kiswahili. Bibi na mkalimani wakaongea weee, kisha mkalimani akamgeukia Mugure: "Amekataa." Basi.

"Maongezi yote hayo, neno moja! Nililia kwa hasira. Mpaka leo sijui yule mama alisema nini."

Akarudi Rhonda, akabisha kwa jirani yake, Cheptanui, Mkalenjin muuza mursik. Cheptanui alikubali kumfunza, ila kwa sharti: mkono ukishika kibuyu, Kiswahili marufuku. Ukiteleza, unaanza kusugua upya.

"Huyu alisugua! Vibuyu karibu vitoboke," Cheptanui anasema, akifuta machozi ya kicheko.

Miaka mitatu sasa. Na hajashiba: Kinsi wa duka la pili ameanza kumfunza Kisomali. "Eti nimezeeka? Kwani kichwa kina saa ya kufunga?"

Jumamosi hii anaenda Molo, peke yake. Kibuyu cha kumpelekea yule bibi kiko tayari, kimefunikwa kwa leso. Haombi shamba, anasema. Anataka tu kupalilia kaburi la Hiram.

Na akikataliwa tena?

Mugure anaweka kibuyu chini, polepole.

"Mara ya kwanza nilifukuzwa kama kiziwi. Wakinifukuza tena, wanifukuze nikisikia kila neno. Na nitawajibu."